Kumwosha Yumna Ishigaki

ZUBEIDA: Haloo? Nani mwenzangu?

RAYHAAN: Haloo... haloo? Bi Shamima?

ZUBEIDA: Sikusikii. Kunakwaruza. Sema kwa nguvu.

RAYHAAN: Assalaam alaikum, Bi Shamima! Ni Rayhaan hapa, napiga kutoka Japan. Shemeji Abdullah amenipa hii namba, amesema ndiyo simu ya—

ZUBEIDA: Ya waosha maiti. Ndiyo hii. Waalaikum salaam, Rayhaan.

RAYHAAN: Mama?

ZUBEIDA: Ni mimi.

RAYHAAN: Mama, sikujua... Abdullah aliniambia wiki hii simu iko kwa Bi Shamima.

ZUBEIDA: Ilikuwa kwake. Nimemnyang'anya asubuhi.

RAYHAAN: Mama, inna lillahi... Toka juzi nataka kukupigia. Nikishika simu tu, naiweka—

ZUBEIDA: Najua. Umempigia Abdullah, umempigia baba yako hapa hapa Durban, Chatsworth, mimi umenikwepa. Si kitu. Mwanangu amekufa maji juzi, kwenye kisiwa ambacho hata kukitaja sikuweza. Sasa nakiweza. Ishigaki. Mjukuu wangu ni mzima. Hayo nimeshaambiwa. Mengine weka.

RAYHAAN: Ndiyo, Mama.

ZUBEIDA: Ulikuwa unamtaka Shamima wa nini?

RAYHAAN: Yuko karibu? Nipe niongee naye kidogo tu.

ZUBEIDA: Yuko sebuleni, anasoma Yasini na wanawake. Nyumba imejaa mpaka kwenye ngazi. Mimi nimejifungia bafuni. Odette wa flat ya chini, yule Mkongomani, ameweka kiti mlangoni na amekaa. Hapiti mtu. Kuna mama mmoja wa Overport anataka choo, anaambiwa "hapa iko kazi, Mama, nenda kwa jirani".

RAYHAAN: Mama, tafadhali. Nipe Bi Shamima.

ZUBEIDA: Unataka akufundishe kuosha. Sivyo, Rayhaan?

RAYHAAN: Ndiyo.

ZUBEIDA: Shamima nimemfundisha mimi. Siku ya kwanza alizirai juu ya maiti, ikabidi tuwamwagie maji wote wawili. Niulize mimi. Uko wapi?

RAYHAAN: Mama, siwezi. Wewe ni mama yake. Na mimi ni mkweo. Miaka minane sijawahi hata kula nyama kwenye mfupa mbele yako. Leo nisimame hapa nikuambie mwili wa Yumna...

ZUBEIDA: Mama yake Yumna yuko sebuleni, analia na wenzake. Hapa unaongea na muosha.

RAYHAAN: Naona haya.

ZUBEIDA: Haya iweke kesho. Uko wapi, nakuuliza.

RAYHAAN: Kwenye nyumba ya maiti. Polisi wamemaliza naye leo, wakamleta huku. Kuna chumba nyuma, kina meza ya chuma na bomba. Mzee mwenye nyumba ameniachia. Ameinama, akafunga mlango. Mke wake yuko na mtoto, Nabeela, upande wa mbele, wanakunja makaratasi.

ZUBEIDA: Makaratasi gani?

RAYHAAN: Ya rangi. Wanatengeneza ndege wadogo wenye mabawa.

ZUBEIDA: Haya. Na mwanamke wa Kiislamu hakuna hata mmoja?

RAYHAAN: Hakuna kisiwa kizima, Mama. Wageni tuliopo ni sisi na Waaustralia wawili. Yuko ndugu mmoja Mpakistani, anauza magari kisiwa kikubwa cha jirani. Yeye ndiye amehangaika. Huku maiti wote wanachomwa. Mzee alishapanga kesho saa nne, alidhani na sisi—

ZUBEIDA: Neno hilo usilirudie.

RAYHAAN: Tumekataa, Mama. Tumekataa. Mzee ametusikia, hakubisha. Mpakistani amepata makaburi ya Waislamu, huko Japan yenyewe, mbali. Ndege inaondoka kesho asubuhi. Lakini watu wa ndege wanataka jeneza lifungwe jioni hii, na likifungwa halifunguliwi tena. Na huko watampokea wanaume peke yao.

ZUBEIDA: Kwa hiyo kama si sasa...

RAYHAAN: Kama si sasa atazikwa na chumvi yake.

ZUBEIDA: Sasa hivi huko saa ngapi?

RAYHAAN: Jua linaelekea kuzama. Watu wa jeneza wamesema watakuja na kifuniko wakifunga duka lao. Mama, lakini huyo ndugu ameniambia mume haruhusiwi. Anasema mke akifa ndoa imekatika, mimi ni mtu baki kwake. Ametaka nimpake vumbi tu mikono na uso, kwa kitambaa, basi.

ZUBEIDA: Yeye ni wa madhehebu ya Hanafi?

RAYHAAN: Nadhani.

ZUBEIDA: Kwao ndivyo. Hata hapa Sydenham majirani zetu Wahindi ndivyo wanavyofanya, na siwalaumu. Sisi ni Mashafii toka kwa babu zetu. Kwetu mume anamwosha mkewe. Hujakatiwa chochote. Ni mkeo.

(sauti ya kulia)

ZUBEIDA: Lia. Lia kidogo, kisha unawe mikono.

RAYHAAN: Mama, kitu kimoja. Ametoka majini. Ameshinda ndani ya maji mpaka machweo. Maji gani tena nimmwagie?

ZUBEIDA: Aliyekufa maji ni shahidi, lakini anaoshwa. Tulioamriwa kuosha ni sisi. Bahari haikuamriwa.

RAYHAAN: Sawa.

ZUBEIDA: Simu iweke mahali usikie, mikono yako ibaki huru.

RAYHAAN: Nimeiweka kwenye rafu. Spika. Unanisikia?

ZUBEIDA: Kama uko ndani ya pipa, lakini nakusikia. Una salio kiasi gani la simu?

RAYHAAN: Ni kadi. Yuko mwanamke ndani yake, anatangaza dakika zilizobaki, ila anasema Kijapani.

ZUBEIDA: Basi tusipoteze. Una nini hapo?

RAYHAAN: Ndoo mbili. Kata ya mbao yenye mpini mrefu, ya huyu mzee. Sabuni. Taulo kubwa za hoteli. Shuka nyeupe mpya, mwenye hoteli amenipa na hakutaka nilipe. Majani ya mkunazi sina.

ZUBEIDA: Sabuni inatosha. Kafuri?

RAYHAAN: Ninayo. Wanauza dukani, wanaweka kabatini nguo zisiliwe na wadudu. Niliinusa. Ni kafuri yenyewe.

ZUBEIDA: Isage kidogo, weka kwenye ndoo ya pili, usiiguse mpaka nikuambie. Maji yawe ya uvuguvugu. Jaribu kwa kiwiko, kama maji ya mtoto.

RAYHAAN: Tayari.

ZUBEIDA: Amefunikwa?

RAYHAAN: Amefunikwa shuka la polisi.

ZUBEIDA: Taulo iingie kwanza juu ya shuka, kifuani mpaka magotini. Kisha vuta shuka kwa chini. Asibaki wazi hata kufumba na kufumbua. Unaosha chini ya taulo, mkono unatangulia, macho hayafuati.

RAYHAAN: Nime... subiri. Nimevuta. Mama—

ZUBEIDA: Sema bismillahi.

RAYHAAN: Bismillahi. Mama, ni mweupe. Amekuwa kama—

ZUBEIDA: Tia nia. Moyoni, siyo kwangu.

(maji yanachuruzika)

RAYHAAN: Nimetia.

ZUBEIDA: Mwinue mabega kidogo, mkono wako nyuma ya shingo, goti lako limshikilie mgongo. Mkono mwingine upitishe tumboni, polepole, kushuka. Usikandamize. Kitakachotoka kitoke.

RAYHAAN: Ni mzito.

ZUBEIDA: Maiti wote ni wazito. Ukiweza mbebe kama ulivyombeba siku ya harusi, mbele ya watu wote, na mimi nikaona aibu.

RAYHAAN: Alinilazimisha yeye! Alisema asipobebwa harudi nyumbani.

ZUBEIDA: Najua. Yule. Umepitisha mkono?

RAYHAAN: Yanatoka maji, Mama. Mdomoni. Yanatoka tu.

ZUBEIDA: Yaache. Mfute. Yakitoka tena, mfute tena. Sasa zungusha kitambaa mkononi, umsafishe huko chini, chini ya taulo. Kisha kitambaa kitupe, chukua kingine. Nakaa kimya. Ukimaliza niite.

(maji; mtandao unakwaruza; mtu anabisha mlango Durban, sauti ya Odette: "Bado! Nimesema bado!")

RAYHAAN: Mama.

ZUBEIDA: Nipo.

RAYHAAN: Nimemaliza.

ZUBEIDA: Sasa mtie udhu, kama unavyotawadha wewe. Kitambaa chenye maji kwenye meno na puani, taratibu. Uso. Mkono wa kulia—

RAYHAAN: Huu?

ZUBEIDA: Wa kulia wake. Si wako. Umeoa miaka minane hujui mkono wake wa kulia?

RAYHAAN: Nimesimama kichwani, Mama, vitu vimegeuka.

ZUBEIDA: Eish. Yumna alikuwa anasema hata sahani huoshi. Nikamwambia mwache, mwanaume wa kiwanda akirudi kutoka Jacobs mikono ina grisi, sahani zitanuka.

RAYHAAN: (anacheka, sauti inakatika) Alikuwa ananiita "Mheshimiwa Sinki". Jana tu... juzi. Juzi asubuhi. Tumekula mananasi chumbani, akaniwekea visahani kwenye sinki, akasema Mheshimiwa, hata huku Japan?

ZUBEIDA: Mkono wa kulia.

RAYHAAN: Ndiyo. Nauosha... Mama, vidole vyake—

ZUBEIDA: Maji, Rayhaan.

RAYHAAN: Mama, vidole vyake na kucha, vime—

ZUBEIDA: Mimina maji. Toka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Umemimina?

RAYHAAN: Nimemimina.

ZUBEIDA: Wa kushoto.

(maji)

RAYHAAN: Nimemimina.

ZUBEIDA: Kichwa, masikio, miguu. Vizuri. Sasa nywele, na sabuni. Zimesukwa?

RAYHAAN: Zimefumuka zenyewe.

ZUBEIDA: Osha. Chana kwa vidole kama huna kitana, usivute, ukiona unywele umetoka unauweka pembeni, utaenda naye.

RAYHAAN: Kuna mchanga.

ZUBEIDA: Mimina.

RAYHAAN: Nimemimina. Bado. Mchanga wa huku si kama wetu, Mama, ni mweupe, mkubwa mkubwa. Nabeela alikuwa anauokota na kuuweka kwenye chupa. Namwagia unatoka, namwagia unatoka, hauishi.

ZUBEIDA: Utaisha.

RAYHAAN: Maji yalikuwa yametulia, Mama.

ZUBEIDA: Sikukuuliza.

RAYHAAN: Nataka ujue. Hakukuwa na wimbi hata moja. Sisi Durban tumekua tukiogopa mawimbi. Kuna bendera, kuna waokoaji na filimbi zao, wimbi likija unaliona. Pale hakuna bendera, hakuna wimbi, maji yanafika kiunoni na unaona kidole chako cha mguu. Tukasema hii si bahari, hili ni bwawa la kuogelea. Mimi ndiye niliyesema. Boya la Nabeela la plastiki likawa linaondoka, polepole tu, mtu anaweza kulifuata akitembea. Yumna akalifuata. Alikuwa anacheka. Watu wa hapa wanasema mwamba wa mbele una mlango, maji yote yanatoka pale kwenda bahari kuu, kwa chini, kama mto, na juu huoni kitu. Kila mtoto wa hapa anajua. Sisi hatukumuuliza mtu. Na mimi nilikuwa na kamera, Mama, nilikuwa nampiga—

ZUBEIDA: Rayhaan!

RAYHAAN: —nilidhani ananipungia mkono—

ZUBEIDA: Rayhaan. Mchanga. Umeisha?

RAYHAAN: Umebaki kidogo nyuma ya sikio.

ZUBEIDA: Uondoe.

(sauti ya mwanamke wa kadi, Kijapani)

ZUBEIDA: Nani huyo?

RAYHAAN: Ndiye wa kadi.

ZUBEIDA: Anasema ngapi?

RAYHAAN: Sijui, Mama. Nasikia "fun", nadhani ndiyo dakika. Ngapi sijui.

ZUBEIDA: Twende. Mwili sasa, maji na sabuni. Upande wa kulia kuanzia shingoni mpaka unyayo. Kisha wa kushoto. Kisha mgeuze, alalie ubavu wa kushoto, umwoshe mgongo wa kulia. Kisha ubavu wa pili. Kifudifudi usimlaze. Sisi hatulazi mtu kifudifudi.

RAYHAAN: Nitamgeuzaje peke yangu?

ZUBEIDA: Bega na nyonga kwa pamoja, umlete kwako. Akuegemee tumboni. Usiogope kulowa.

RAYHAAN: Nimeshalowa mwili mzima.

ZUBEIDA: Ndiyo kazi hiyo. Mimi nimerudi nyumbani nimelowa maisha yangu yote, baba yake Yumna akinidhani nimenyeshewa. Umemgeuza?

RAYHAAN: Ameniegemea.

ZUBEIDA: Osha.

(maji)

ZUBEIDA: Wanasema mwosha huoshwa. Mimi na Yumna tulikuwa tumekubaliana. Nilimwambia, siku yangu ikifika usimwachie Shamima, ana mikono ya baridi. Akasema sawa Mama, ila nitakuosha kwa maji ya moto moto mpaka ukasirike uamke.

RAYHAAN: Hakuniambia hilo.

ZUBEIDA: Hayakuwa ya kukuambia. Umemaliza?

RAYHAAN: Nimemaliza pande zote.

ZUBEIDA: Rudia kwa maji matupu, sabuni itoke. Halafu ya mwisho ndoo ya kafuri, toka kichwani mpaka miguuni, usiache mahali. Hiyo mimina kwa ukarimu.

(maji)

RAYHAAN: Chumba kizima kinanukia.

ZUBEIDA: Hapa nainusa mimi. Nguo zangu zote zinanuka kafuri. Yumna alipokuwa mdogo shuleni wenzake walikuwa wanamkimbia. Haya, mkaushe, badilisha taulo, kavu iingie juu, mbichi itoke chini. Sasa nywele. Gawanya mafungu matatu.

RAYHAAN: Ya nini?

ZUBEIDA: Mwanamke haendi na nywele zimetawanyika. Misuko mitatu, ilale nyuma.

RAYHAAN: Mama, sijui kusuka.

ZUBEIDA: Una mtoto wa kike wa miaka sita, hujui kusuka?

RAYHAAN: Yumna ndiye aliyekuwa... Nimwite Nabeela? Yeye huwa anasuka midoli.

ZUBEIDA: Hapana! Mtoto abaki huko huko na ndege wake wa karatasi. Utasuka wewe. Fungu moja ligawe tena, nyuzi tatu. Umezishika?

RAYHAAN: Zinateleza.

ZUBEIDA: Karibu na kichwa, kaza kidogo. Wa kulia upite juu ya wa kati. Sasa huo ndio wa kati. Wa kushoto upite juu yake. Kulia. Kushoto. Usihesabu, wewe pitisha tu.

RAYHAAN: Kulia... kushoto... Umekuwa kama kamba ya kufungia mbuzi, Mama.

ZUBEIDA: Ameshatoka nyumbani na mbaya zaidi ya huo. Siku ya kwanza ya shule nilimsuka usiku taa zimekatika. Asubuhi akajiona kwenye kioo cha duka pale kwenye robot, taa za barabarani, akakaa chini barabarani, akakataa kuvuka. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani. Magari yanapiga honi.

RAYHAAN: Ukafanyaje?

ZUBEIDA: Nilimsuka upya pale pale. Endelea. Wa pili.

RAYHAAN: Wa pili umekaa vizuri kidogo.

ZUBEIDA: Ehe.

RAYHAAN: Wa tatu... Mama, wa tatu ni mzuri. Wa tatu umenyooka kabisa.

(kimya)

RAYHAAN: Mama? Umesikia? Wa tatu—

ZUBEIDA: Nimesikia. Usinisemeshe kidogo.

(mtandao unakwaruza)

ZUBEIDA: Haya. Shuka. Umezichana vipande?

RAYHAAN: Abdullah alinieleza jana. Kipande cha kiunoni, kanzu yenye tundu la kichwa, mtandio, na mbili za kumfunika mwili mzima.

ZUBEIDA: Kuna mahali umeshona?

RAYHAAN: Hapana. Nimechana kwa mkono.

ZUBEIDA: Vizuri. Tandika zile mbili kwanza kwenye meza kavu. Mbebe umweke juu. Kiunoni, halafu kanzu, halafu mtandio kichwani na kwenye nywele. Pamba yenye kafuri kwenye paji la uso, viganja, magoti, vidole vya miguu. Pale alipokuwa anasujudia.

(nguo zinasugua, pumzi nzito, kitu kinaanguka)

ZUBEIDA: Nini hicho?

RAYHAAN: Kata. Kata ya mzee imeanguka. Yeye hajaanguka, Mama. Nimemshika.

ZUBEIDA: Najua umemshika.

RAYHAAN: Nimeweka pamba. Viganjani nimeweka, nikavifumba.

ZUBEIDA: Upande wa kushoto wa shuka uje kwanza, wa kulia ufunike juu. Funga kichwani, kiunoni, miguuni. Uso acha mwisho. Muage.

RAYHAAN: (sauti ya chini)

ZUBEIDA: Siyo karibu na simu. Hayo ni yenu.

(kimya)

RAYHAAN: Nimefunika.

ZUBEIDA: Alhamdulillah. Allah akulipe. Amekwenda kama mwanamke yeyote wa nyumba hii. Kazi imekwisha.

RAYHAAN: Ahsante, Mama.

ZUBEIDA: Usiniambie ahsante.

(kimya)

ZUBEIDA: Rayhaan.

RAYHAAN: Mama.

ZUBEIDA: Muosha ameondoka. Sasa ni mimi hapa. Vidole vyake.

RAYHAAN: Mama...

ZUBEIDA: Ulianza kusema, nikakukatiza. Vidole vyake vilikuwaje? Na kucha?

RAYHAAN: Mama, simu itakatika—

ZUBEIDA: Ndiyo useme haraka. Alishika mwamba? Alining'inia pale? Muda gani? Alikuwa bado anajua yuko wapi?

RAYHAAN: Mama, tafadhali.

ZUBEIDA: Nimeosha wanawake wa mji huu, Rayhaan, na kila mama wa maiti hunifuata mlangoni, hunishika mkono, huniuliza hivi hivi. Umeona nini, Bi Zubeida? Aliumia? Sijawahi kumjibu hata mmoja, muosha hasemi alichokiona. Mmoja alinitemea mate. Leo nauliza mimi. Niambie.

(kimya)

ZUBEIDA: Niambie!

(sauti ya mwanamke wa kadi, Kijapani)

ZUBEIDA: Huyo anasema moja? Amesema moja? Rayhaan, nakuomba. Mimi ndiye niliyemzaa.

RAYHAAN: Nimemwosha, Mama. Ni safi. Amesukwa.

ZUBEIDA: Vidole, nimesema.

RAYHAAN: Ni safi, Mama.

ZUBEIDA: Umeviona. Wewe umeviona, na mimi sitaviona tena.

RAYHAAN: Nimeosha tu. Sikuona kitu.

ZUBEIDA: Muongo.

RAYHAAN: Ndiyo, Mama.

ZUBEIDA: (pumzi ndefu) Haya. Hivyo hivyo. Ukirudi nikikuuliza tena, nikikushika shati nikikulilia, nijibu hivyo hivyo.

RAYHAAN: Nitakujibu hivyo.

ZUBEIDA: Hata nikikufukuza nyumbani kwangu.

RAYHAAN: Hata hapo.

ZUBEIDA: Na Nabeela akiwa mkubwa akikuuliza.

RAYHAAN: Hata yeye.

ZUBEIDA: Amekula?

RAYHAAN: Nani?

ZUBEIDA: Mtoto, wewe! Amekula?

RAYHAAN: Mke wa mzee amempa wali. Mama, kuna watu mlangoni. Wanagonga. Wamekuja na kifuniko.

ZUBEIDA: Wanagonga kwa nguvu?

RAYHAAN: Hapana. Taratibu. Wanasubiri.

(kimya)

RAYHAAN: Mama? Niwaambieje? Mama, kadi inaisha—

ZUBEIDA: Wafungulie.

(simu inakatika)